Kuku ya Mulango wa Mama Salama

Albertville, tarehe 10 mwezi wa pili 1957

Yaya Zaina, dada yangu mukubwa,

Kama umeketi, endelea kuketi. Kama umesimama, tafuta kiti, maana mudogo wako amepata kazi ya kulinda wanawake mia tatu. Usikimbie kuita shehe. Ni kuku.

Na weye Casimir, mwalimu wa misioni mwenye kumusomea yaya barua zangu, soma polepole. Nasikia ile ya mwaka jana uliruka pahali pote pa kucheka.

Iko Muzungu moja hapa juu ya muto Lukuga, tunamwita Bwana Saa, sababu kila dakika tano anachungulia saa yake kama vile inataka kumutoroka. Anauzisha mayai kwa wazungu wa reli na wa meli. Amejenga nyumba mbili za kuku. Ya kwanza iko na Siméon, Mubembe wa kutoka kaskazini ya ziwa. Kule chini wamemwaga maganda ya mupunga, kuku zinatembea humo, zinachakura, usiku zinalala juu ya miti. Nyumba ya pili njo yangu, na ile, yaya, ni hoteli. Vyumba vya waya, safu tatu, moja juu ya ingine kama vitanda vya askari. Chakula kinapita mbele ya mudomo. Maji yanapita. Yai likitoka linateleza lenyewe mpaka nje, mi naokota tu kama bwana harusi. Mwewe hapana, paka ya pori hapana, tope hapana. Muzungu anaita ile nyumba batri.

Bwana Saa anataka kuona nyumba gani itashinda mpaka mwezi wa saba. Yenye itashinda itabaki, ingine atavunja. Na mwenye kuilinda njo atakuwa kapita, mukubwa wa kazi. Siméon anasali sana. Mi nafagia sana. Tutaona Mungu anapenda nini.

Sasa neno lenyewe. Papa Maliki wa mutaa wa Kataki, ule wa duka ya vitambaa, amekubali nipite kwake Idi ya kuchinja ikipita, kumuomba binti yake Fatouma. Weye unajua mama yetu hayuko tena wa kunifugia kuku ya mulango. Mama njo weye. Nitumie moja ya maana, maana mama yake Fatouma, Mama Salama, iko na macho. Anaangalia muntu vile anachagua samaki sokoni: anafungua kwanza mashavu.

Mudogo wako,
Zahoro wa Hoteli


Mpala, tarehe 2 mwezi wa tatu 1957

Zahoro,

Barua nimeisikia. Casimir amesoma yote, hata pale pa wanawake mia tatu, na ameona haya.

Kuku nakutumia na huyu mwenye mtumbwi, kwa sababu huku hakuna salama tena. Ugonjwa wa kuku umetoka kijiji cha jirani. Asubuhi unamkuta ameinamisha kichwa, jioni anazunguka kama mlevi, kesho unamfukia. Nilikuwa nao kumi na sita. Tisa nimezika. Huyu wa madoa ni mzima, na ndiye niliyekuwa nakuwekea.

Msikilize jinsi alivyo. Anachakura nyuma ya jiko langu mpaka ardhi imekuwa shimo. Mchana anaoga majivu. Jioni anapanda mlimau mwenyewe, hataki kubebwa. Mwewe alimjia mara mbili, na mara mbili mwewe ndiye aliyeacha manyoya.

Usisahau desturi. Utamweka chini, mbele ya mlango wa Mama Salama. Mama atatupa mtama ndani. Kuku ataingia kwa miguu yake na kula. Hapo ndipo wakubwa wataanza kuongea mahari. Asipoingia, hakuna mtu atakayefungua mdomo, na hiyo aibu si ya kuku. Ni ya nyumba iliyomlea. Yaani mimi.

Mwache atembee.

Dada yako Zaina
(Imeandikwa na Casimir. Sikuona haya.)


Albertville, tarehe 9 mwezi wa nne 1957

Yaya,

Bibi Madoa alifika. Alimunyia mwenye mtumbwi njia yote na mpaka leo ule baba hataki kunisalimia vizuri.

Kwanza nilimuweka kwangu, kwa boyeri, nyumba za sisi wafanyakazi. Siku ya pili mbwa wa jirani alimukimbiza mpaka juu ya bati. Siku ya tatu Bwana Saa aliona manyoya kwa mulango wangu na kusema kuku ya inje isionekane hapa, itamuletea ugonjwa. Nikafikiri, Zahoro, weye mulinzi wa hoteli, ndugu yako analala inje sababu gani? Nikamuingiza batri nikiwa nafagia. Chumba iko safu ya chini, mwisho kabisa, na wenzake wawili. Chakula ya kizungu, yaya, ya mufuko. Mi mwenyewe sili vile. Wiki ya pili alianza kutaga kila siku kama vile analipwa. Saa hii ni mufungo, yai yake njo futari yangu.

Siméon iko nyuma. Kwake mayai yanapotea ndani ya maganda, ingine inakanyagwa, ingine ina mavi. Kwangu yanatoka meupe. Juzi nilimuambia, "Papa Siméon, kuku zako ziko kama wapagazi, zinatembea siku muzima." Akajibu, "Zangu ziko na miguu, Zahoro." Muzee wa wivu.

Harufu tu njo mingi. Unazoea.

Mama Salama nilikutana naye sokoni. Aliniuliza kuku iko namna gani. Nikasema inanenepa. Akaniangalia mashavu.

Zahoro


Mpala, tarehe 28 mwezi wa nne 1957

Zahoro,

Mwenye mtumbwi alikuona bandarini. Anasema ulipomkaribia alirudi nyuma, na si kwa hasira ya siku ile. Anasema unanuka mpaka ndani ya nywele, na ulikuwa unacheka.

Nina maswali. Hicho chumba chini kina nini, udongo au mbao? Anaogea wapi? Analala juu ya nini? Umesema wenzake wawili. Chumba ni kikubwa namna gani? Umeniandikia chakula na mayai. Kuku mwenyewe hujamwandika.

Sisemi Mzungu hajui. Mimi niliwaacha wangu watembee, na kumi na tatu wamekufa mbele ya macho yangu, wakiwa huru hivyo hivyo. Mmoja alikufa mkononi mwangu, kamasi inamtoka. Labda hoteli yako ndiyo dawa. Nataka tu kujua.

Zaina
(Casimir anaongeza: na mimi nataka kujua.)


Albertville, tarehe 12 mwezi wa sita 1957

Yaya,

Uliniuliza chini kuna nini. Chini kuna waya. Chini ya waya kuna sahani ya mavi. Ndani ya mavi kuna funza, mweupe, munene, anatembea kuliko kuku. Njo hivyo hoteli yenyewe.

Nitakuambia byote leo, maana mi mwenyewe nimeshiba, na sikushiba chakula. Mwezi wa tano Bwana Saa alinunua kuku zingine na hakununua vyumba. Sasa ziko ine pale mbili zilienea. Kama moja inakunywa, zingine zinangoja. Kama moja inataka kugeuka, wote wanne wanageuka. Shingo zimebaki uchi, nyekundu, na mugongo pia. Kucha zinakua mpaka zinazunguka waya. Juzi nilivuta moja kuitoa, kucha ikabaki. Wiki iliyopita nilifika na kuona kuku tatu ziko juu kidogo kuliko majirani. Nikasema hizi zimekuwa ndefu. Zilikuwa zimesimama juu ya mwenzao. Aliisha kufa labda siku tatu, amekuwa kama mukeka. Na zile zilikuwa zinataga, yaya. Juu ya maiti, na yai linateleza jeupe mpaka inje, na mi naliokota, na Muzungu fulani analila na chumvi.

Zikaanza kudonoana. Bwana Saa akaleta chuma ya moto ya kukata midomo. Iko na mukono ya mbao wa kushikia, muzuri kabisa. Harufu yake ni kama kucha kwenye moto. Nilinawa nyuma ya tanki, kisha nikarudi kazini.

Usifikiri kwa Siméon ni peponi. Maganda yake chini ya vyombo vya maji yamelowa, ukiingia macho yanatoka machozi kama vile umefiwa. Minyoo iko. Siku ya ngurumo kuku zilikimbilia kona moja, zikapandana, ishirini na mbili zikakosa hewa. Ingine wenzake walimudonoa nyuma mpaka matumbo yakatoka, na wakayakimbiza kama watoto na kamba. Lakini nyingi zinaoga vumbi. Nimesimama kwa mulango wake nikiangalia kuku inajitupia maganda juu ya mugongo na kufunga macho. Siméon akauliza, "Unatafuta nini?" Nikasema naangalia saa.

Bwana Saa ameisha kuamua. Batri njo imeshinda. Mayai mingi, kazi kidogo. Nyumba ya maganda itavunjwa mwezi ujao. Kapita ni mimi. Nilifikiri nitacheza siku ile.

Mayai siwezi kula tena.

Kuku yetu iko.

Zahoro


Mpala, tarehe 20 mwezi wa saba 1957

Zahoro,

Idi imepita, barua hakuna. Nasema labda furaha imekufunga mikono. Wanawake wa hapa wananiuliza kama kuku wangu aliingia vizuri, na mimi nimewajibu aliingia kama mwenye nyumba. Kitenge cha harusi nimeshanunua, cha kijani. Niandikie Mama Salama alisema nini alipomwona. Nataka maneno yake yote, usifupishe.

Zaina
(Imeandikwa na Casimir, ambaye pia ameagiza shati.)


Albertville, tarehe 4 mwezi wa nane 1957

Yaya,

Casimir, funga mulango kwanza kama watu wengine wako hapo.

Nilimutoa Bibi Madoa ndani ya batri siku moja kabla ya kwenda kuomba. Nilikuwa nimeona miezi miwili kwamba anaketi tu. Nilisema anapumuzika. Kumushika, alikuwa mwepesi kama kikapu. Kifua uchi, shingo uchi, miguu na vidonda vya waya, mudomo mufupi. Nilimuweka chini, akaanguka upande. Nikasema kesho atakumbuka.

Nikamuosha. Nikamufunga kitambaa cha kitenge kwa shingo, kufunika. Nikamuweka ndani ya kikapu kipya na kwenda Kataki nikiwa nimevaa kanzu ya kuazima.

Walikuwa wameketi wote kwenye baraza. Papa Maliki, wajomba, na ma-tantine, dada za Mama Salama. Fatouma alikuwa nyuma ya pazia, niliona vidole vyake vya miguu. Mama Salama alisimama ndani ya mulango na mtama mukononi. Nikamutoa kuku. Tantine moja akasema, "Amevaa tai. Huyu ni karani, ametoka biro." Wakacheka, na mi nikacheka kuliko wote.

Nikamuweka chini. Miguu ikaenda nyuma, moja huku, ingine huku. Akapiga mabawa. Akabaki na tumbo kwa simenti, mbele ya kizingiti, urefu wa mukono moja tu. Mama Salama akatupa mtama. Ukafika mpaka karibu naye, na alitaka, yaya. Aliuona. Alidonoa, mtama ukatoka. Akadonoa tena, ukatoka. Mudomo wa juu haukufika kwa wa chini. Alidonoa simenti mpaka kukawa na damu kidogo.

Hakuna muntu aliyecheka tena. Mi nikasema, "Mama, ni kuku wa kizungu, hawezi kuingia bila kupiga hodi."

Mama Salama akafungua kile kitambaa kwa shingo. Akaangalia. "Nani alimukata mudomo?"

"Ni mashini, Mama."

"Mashini iko na mukono wa nani?"

Hapo njo nilifanya kile kitu. Nilisema alitoka Mpala vile. Nilisema dada yangu alimutuma na ugonjwa, kule kwenu kuku zote zinakufa, na mi nimejaribu kumuponyesha. Nilisema vizuri sana. Hata Papa Maliki alisikitika. Ule tantine wa neno la tai akasema, "Masikini, dada zingine hawana haya."

Papa Maliki akasema tusimuache kuteswa, akaleta kisu. Akamushika muguu kumulaza, na muguu ukavunjika ndani ya mukono wake kabla ya bismillahi. Tulisikia wote, kama njiti ya kiberiti. Akamuchinja haraka. Hakuna aliyemula. Waliosha simenti nikiwa pale.

Wamesema watafikiri. Usivae kile kitenge.

Zahoro


Mpala, tarehe 15 mwezi wa nane 1957

Zahoro,

Casimir ameuliza kama apunguze ukali. Nimemwambia aandike jinsi ninavyosema, na kama hawezi, nitaenda kwa mwingine.

Umenitia kinyaa. Sikulaumu kwa kuku pekee. Wangu pia wamekufa, na mwenye kufuga anajua kufiwa. Lakini nilikuuliza chini kuna nini. Ulijua tangu siku ya kwanza. Ulikula mayai yake na ukaniandikia vichekesho. Kisha ukasimama mbele ya watu na kunipaka mimi mavi ya nyumba yako.

Wangu mmoja aliyebaki nimemwangalia asubuhi hii. Ana jicho moja bovu, na anatembea. Sitakutumia.

Rudi Kataki. Bila kuku, bila kanzu ya watu. Sema ilivyokuwa, kwa mdomo wako, mbele ya wale wale waliosikia. Wakikukataa, wakukatae wewe. Mpaka hapo usiniandikie.

Zaina


Albertville, tarehe 8 mwezi wa tisa 1957

Yaya,

Nimeenda.

Niliomba waitwe wote, hata ule tantine. Nilikuwa na shati ya kazi. Nikasema kuku alitoka Mpala akiwa muzima, anapigana na mwewe, na mi njo nilimufunga, na mi njo nilimukata mudomo, chuma ilikuwa ndani ya mukono wangu wa kuume. Nikasema nilidanganya juu ya dada yangu.

Papa Maliki aliangalia chini. Mama Salama njo aliuliza.

"Uliona kwamba hasimami?"

"Niliona, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tano."

"Na kila siku ulipita mbele yake."

"Kila siku. Nilikuwa nafagia."

"Dada yako alikuuliza?"

"Aliuliza."

"Ukamujibu nini?"

"Nilimuandikia barua za kufurahisha."

Kisha akasema, "Basi Fatouma akiugua kwako, mi pia nitapata barua ya kufurahisha." Nilitafuta neno. Weye unanijua, neno halinikosi. Nikasema tu, "Ndiyo, Mama."

Hakunikataa, hakunipokea. Amesema mwaka moja. Ndani ya huo mwaka atatuma dada yake, ule ule tantine, aje kuona vile ninaishi na vile kilicho mikononi mwangu kinaishi. Siku hatasema. Hodi hatapiga. Fatouma alinitolea maji ya kunywa, bila kusema kitu, na alingoja mpaka nilimaliza kikombe. Sijui maana yake ni nini. Sitaki kuongeza.

Kazi nimeacha. Nilimuambia Bwana Saa mukono wangu umechoka. Akachungulia saa, akasema kuna watu mingi inje ya mulango. Ni kweli walikuwako. Siméon amekuwa kapita wa batri, kuku mia sita. Sikumucheka, iko na watoto wane, na nyumba yake ya maganda waliivunja akiangalia. Aliniuliza chuma ya moto inashikwa namna gani. Nilimuonyesha, kisha nikaenda kunawa.

Sasa nabeba mifuko bandarini. Nimepanga chumba kule Kataki, mulango unaangalia ziwa. Harufu ya ile kazi bado iko ndani ya nguo, nimechemsha mara tatu. Mwenye mtumbwi amenisalimia, lakini na mukono tu.

Yaya, nauli yako nimemupa ule mwenye mtumbwi. Njoo kabla ule tantine hajafika, uingie ndani, ufungue kila kitu. Usiniulize tena kwa barua niko namna gani. Kwa barua niko muzima siku zote.

Zahoro